Rimu zimefika na basi lakini hazikai kwenye habu: fanya hivi

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, simu yangu haipumziki. Mkulima wa Tandahimba ameshalipwa, kijana wa Newala ameshalipwa, na gari lililovumilia rimu za chuma mwaka mzima sasa linatakiwa lipendeze. Muuzaji wa Dar anatuma picha, rimu zinang'aa, hela inakwenda kwa simu, na kesho yake jioni mzigo unashushwa stendi hapa Mtwara. Asubuhi ndipo mtu anagundua kuwa rimu ina matundu matano, habu (kitako cha gari kinachofungiwa gurudumu) ina stadi tano (boliti zinazopokea nati), na bado haviingiani.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mwenye gari ameshalipa na ana hamu, na hakosekani mtu pembeni mwenye tupa au grenda anayesema, "Lete hapa, nipanue kidogo tu." Naandika haya ili umpite mtu huyo bila kusimama. Rimu isiyolingana na gari lako ina njia kadhaa za kufungwa salama, na zipo nyingine ambazo dawa yake ni kurudi zilikotoka. Kujua ipi ni ipi kunataka rula, kikokotoo cha simu na utulivu wa nusu saa.

Kwanza: soma mgongo wa rimu

Usinyanyue gari bado. Igeuze rimu, uifute vumbi na tope, utafute maandishi kwenye mikono yake kwa nyuma au karibu na tundu la katikati. Utakuta kitu kama 17x7J, kisha 45 au ET45, kisha 114.3 au 5x114.3. Kwenye rimu nyingi za Japani utaona pia herufi JWL, ambazo ni alama ya kiwango cha usalama cha huko. Rimu isiyo na alama yoyote mgongoni mimi huiogopa, hata ikiwa mpya na ya bei ya kutupa.

17 ni kipenyo kwa inchi, 7 ni upana kwa inchi. 45 ni ofseti, yaani milimita ngapi uso unaogusa habu umesogea kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikipungua, linatoka nje. Namba 114.3 ndiyo wanayoiita PCD: kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote. Inaonekana ya ajabu kwa sababu asili yake ni inchi nne na nusu. Vivyo hivyo 139.7 ya Prado na Hilux ya four-wheel ni inchi tano na nusu.

Ukiwa bado hujalipa, mwombe muuzaji picha ya mgongo wa rimu, maandishi yasomeke. Akikutumia ya mbele tu mara tatu, tafuta muuzaji mwingine.

Pili: pima gari lako

Gari la stadi nne au sita ni jepesi kupima: unapima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayoikabili, basi. Stadi tano hazikabiliani, na hapo ndipo watu wanapokosea. Pima stadi mbili jirani, kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa inayofuata. Umbali huo ni sawa na katikati kwa katikati, na ni rahisi kuuona kwenye rula. Kisha zidisha kwa 1.7.

Ukipata kama milimita 59, gari lako ni 5x100, yaani stadi tano kwenye PCD ya 100. Ukipata 67, ni 5x114.3. Ukipata 66 ni 5x112, na ukipata 70 na nusu ni 5x120. Umeona 66 na 67 zilivyo karibu? Rula ya shule inaweza kukudanganya hapo. Kama unahisi uko kati ya 112 na 114.3, azima venia kalipa, kile kipimio cha kubana kinachosoma hadi vipande vya milimita, kwa fundi wa mashine ya kukereza. Anayo mezani kwake, na kukuazima kwa dakika mbili si kazi kubwa.

Kwa magari yanayopita sana mikononi mwangu: Vitz, Passo, Ist ya zamani na Honda Fit ni 4x100. Premio, Allion, Impreza na Forester za miaka ambayo wengi wetu tunazimudu ni 5x100. Mark II, Mark X, Harrier, RAV4, X-Trail na CR-V ni 5x114.3. Mercedes ni 5x112, BMW nyingi za zamani ni 5x120, Land Cruiser 100 na 200 ni 5x150. Hata hivyo pima la kwako. Gari lililopitia mikono minne linaweza kuwa limebadilishwa habu na wewe hujui.

Tatu: tundu la katikati

Hili watu hulipita kama vile halipo. Katikati ya habu kuna kishina cha mviringo kinachoingia kwenye tundu la katikati la rimu. Kazi yake ni kuiweka rimu katikati barabara kabla nati hazijakazwa. Toyota ndogo kama Premio ina kishina cha milimita 54.1. Mark X na wenzake ni 60.1. Subaru ni 56.1.

Tundu la rimu likiwa kubwa kuliko kishina, tafuta pete ya kujazia, mathalani ya 60.1 kwa 54.1. Ni kitu kidogo cha plastiki ngumu au alumini, na kinaondoa mtetemo ambao watu huupeleka kwenye balansi mara tano bila kupona. Tundu likiwa dogo, kama rimu ya Premio ukitaka kuipachika kwenye Subaru, haitaingia kabisa. Hapo fundi wa kukereza anaweza kulipanua hadi 56.1, kwa mashine, rimu ikiwa imefungwa sawasawa. Hilo linakubalika kwa sababu ni milimita mbili za chuma kisichobeba nati. Ukisikia mtu anataka kulipanua kwa grenda ya mkononi, chukua rimu yako uondoke.

Nne: nati

Rimu inaweza kulingana PCD, ikalingana tundu la katikati, na bado ikakuangusha kwa sababu ya nati. Mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni nyuzi. Toyota na Honda hutumia milimita 12 kwa 1.5, yaani stadi nene milimita 12 ambayo kila mzunguko nati inasogea milimita 1.5. Nissan na Subaru ni 12 kwa 1.25. Nati ya Toyota itaanza kuingia kwenye stadi ya Subaru mizunguko miwili mitatu halafu itakaza. Anayeendelea kwa spana ndefu ameua stadi. Nati inatakiwa iingie kwa vidole mpaka iguse rimu.

La pili ni makalio ya nati, pale inapokaa kwenye tundu. Kuna nati zenye ncha ya koni, kuna zenye mviringo kama nusu mpira, na kuna zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani zinataka ile ya washa bapa, lakini rimu za spoti za kununua pembeni karibu zote zinataka koni. Mtu anavua rimu za kiwandani, anaweka za spoti, anarudishia nati zilezile za washa. Kwa macho zimekaza. Kumbe washa imeegemea ukingo wa shimo la koni, inashika kwa mstari mwembamba kama kucha. Baada ya kilomita 50 zimelegea. Tazama ndani ya tundu la rimu kwa tochi: ukiona mteremko, ni koni, ukiona sakafu bapa, ni washa.

Kwa nini tundu halipanuliwi kwa tupa

Nitalieleza hili kwa kirefu, maana nimeliona kwa macho yangu na kwa mtu wangu.

Shemeji yangu ana Premio, 5x100. Alinunua rimu zilizovuliwa kwenye Mark X, 5x114.3. Mimi nilikuwa safarini, akapeleka kwa fundi mmoja, na matundu yakapanuliwa kuelekea ndani kwa tupa ya mviringo. Rimu zikakaa, picha zikapigwa. Siku ya tatu alikuwa anakwenda Masasi. Amepita Mnazi Mmoja, kabla ya kufika Mtama, akanipigia.

"Shemeji, gari linagonga mbele kushoto. Tok, tok, tok. Usukani unatetemeka."

"Simama hapohapo, shemeji. Usisogee hata hatua moja."

"Nimebakiza kidogo tu nifike Mtama."

"Zima gari, shemeji. Nakuja na rimu zako za zamani."

Nilipofika, stadi mbili zilikuwa zimekatika na ya tatu imepinda. Lakini kilichonikaa kichwani ni lile tundu. Lilikuwa na umbo la yai. Upande mmoja wa makalio ya nati ulikuwa unang'aa kama kioo, hilali nyembamba, pale tu nati ilipokuwa inagusa. Upande wa pili ulikuwa mweusi, umejaa unga laini wa alumini uliosagwa na tairi kucheza. Niliupitisha kidole ukabaki mweusi kwenye ngozi kama masizi ya chungu. Mke wake na mtoto walikuwa wamekaa kivulini chini ya mkorosho, wanakunywa maji. Kila nikikumbuka nashukuru kwamba alisimama.

Watu hudhani gari limebebwa na stadi, kama nguo ilivyobebwa na msumari. Sivyo. Nati ikikazwa vizuri, stadi inavutika kidogo kama mpira na kuubana uso wa rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari, breki na kona. Stadi kazi yake ni kubana. Nati ikikaa upande mmoja tu wa tundu, ubanaji haupo, rimu inaanza kuteleza nywele kwa nywele, na sasa stadi inapindishwa kila mzunguko wa tairi. Kwa kilomita moja tairi la Premio linazunguka mara mia tano na zaidi. Pinda waya mara mia tano uone.

Kutoka 100 hadi 114.3, kila stadi iko mbali na tundu lake kwa milimita saba na kidogo. Hiyo ni zaidi ya nusu ya unene wa stadi yenyewe. Na kuna tofauti inayodanganya zaidi: 112 na 114.3. Hapo kila stadi imepishana milimita moja na kidogo, na rimu inaingia ukiisukuma kwa goti. Mtu anasema imekaa. Haijakaa. Stadi zote tano zimevutwa pembeni, na nati za koni zinakaa kwa shavu moja. Mimi naiogopa hii kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza angalau inaonekana.

Kuchomelea matundu ya zamani kisha kutoboa mapya nako sikubali. Rimu ya aloi imepata nguvu yake kwa kupikwa na kupozwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukiipiga moto wa kuchomelea karibu na matundu, pale panapotakiwa kuwa pagumu kuliko pote panalainika.

Tano: chagua njia

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kubadilishana. Mji wetu si mkubwa. Mwenye Premio aliyeletewa rimu za 114.3 hakosi jirani mwenye RAV4 au X-Trail aliyeletewa za 100. Piga picha ya mgongo wa rimu, weka kwenye kundi la madereva, na mara nyingi wiki haiishi. Rimu za Subaru zinaingia vizuri kwenye Premio kwa PCD. Utahitaji pete ya 56.1 kwa 54.1 na nati za nyuzi za Toyota zenye makalio yanayolingana na rimu hiyo, pamoja na kuangalia ofseti.

Ikiwa bado hujanunua, ulizia rimu za matundu kumi. Zipo zilizotobolewa kiwandani kwa PCD mbili, 100 na 114.3, na zipo za matundu manane kwa 4x100 na 4x114.3. Ukija kuuza Premio yako ukanunua Mark X, unahama nazo.

Kubadilisha habu nzima ili zifanane na rimu kunawezekana kwa baadhi ya magari, lakini kunakuburuza kwenye beringi, diski na breki. Kwa ajili ya urembo, sioni sababu.

Inabaki adapta, na hii ndiyo njia halali kwa mtu ambaye rimu hazibadilishiki na moyo umeshazipenda. Adapta ni sahani nene ya alumini iliyofuliwa, yenye matundu ya PCD ya gari lako na stadi mpya za PCD ya rimu. Unaifunga kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu inafungwa kwenye adapta. Kwa gari la stadi nne kulipeleka kwenye stadi tano kwa adapta, mimi nakataa kazi hiyo. Vitz ina beringi za Vitz.

Sita: hesabu ya adapta kabla ya hela kutoka

Adapta inayobadilisha PCD haiwezi kuwa nyembamba, kwa sababu ndani yake lazima zizame nati za ndani. Chini ya milimita 20 usinunue. Inayouzwa sana ni ya 25. Na unene wote huo unasukuma gurudumu nje.

Chukua mfano. Rimu ya zamani ni 15x6 yenye ofseti 45. Mpya ni 17x7 yenye ofseti 45 na adapta ya 25. Ofseti halisi sasa ni 45 ukitoa 25, yaani 20. Nusu ya inchi sita ni milimita 76. Toa 45, ukingo wa nje ulikuwa milimita 31 kutoka uso wa habu. Nusu ya inchi saba ni 89. Toa 20, sasa ni 69. Gurudumu limetoka nje milimita 38. Ukipakia watu watano na magunia mawili, tairi linakula madigadi, na beringi inavutwa kwa mkono mrefu zaidi ya iliotengenezewa. Kwa hiyo anayetaka adapta atafute rimu yenye ofseti kubwa, 50 au zaidi, isiyo pana sana. Ukikuta hesabu inatoka nje zaidi ya milimita 15 kuliko zamani, rudi kwenye kubadilishana.

Ukubwa nao una lake. Gari lililokuja na tairi za 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) litapokea 205/50R17 bila spidomita kudanganya, maana kimo cha tairi kinapishana milimita mbili tu. Lakini ubavu wa tairi umekuwa mfupi. Kwa anayeishi Ligula na kuzunguka mjini, sawa. Kwa anayeingia vijijini kufuata korosho, kwenye mchanga na mawe na mashimo ya baada ya mvua, 17 itakuliza. Namshauri abaki 15, akizidi sana 16.

Kagua adapta yenyewe: kishina cha nyuma kiwe kinabana habu yako na cha mbele kinabana rimu, stadi ziwe zimepigwa kutokea nyuma na kichwa chake kimekaa wima, na isiwe na mashimo ya hewa kama ya mkate kwenye alumini. Zile adapta za alumini iliyomiminwa kwenye kalibu ya mchanga, nyepesi na zenye uso wa punje, mwachie muuzaji.

Saba: kufunga

Gari likae mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mbao nyuma ya matairi. Legeza nati kidogo kabla ya kupiga jeki, kisha weka stendi ya chuma ya kuliegemeza chini ya gari. Usiingize mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Vua gurudumu, utazame uso wa habu. Sisi tunaishi na chumvi. Gari linalolala Shangani au Mikindani karibu na maji lina ganda la kutu kwenye habu na unga mweupe kwenye alumini, na ganda la nusu milimita linatosha kuiinamisha adapta. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, habu na mgongo wa adapta na mgongo wa rimu. Paka grisi nyembamba sana kwenye kishina cha katikati tu, ili kesho rimu isigande. Stadi na makalio ya nati ziache kavu. Grisi kwenye nyuzi inafanya nati ikaze kupita kiasi huku mkono ukihisi bado.

Weka adapta, iingie hadi mwisho, uizungushe kwa mkono uhakikishe haichezi. Ingiza nati zake kwa vidole na uhesabu mizunguko. Kwa nyuzi za 1.5 nataka angalau mizunguko minane kamili. Kwa za 1.25, kumi. Ikipungua, stadi ni fupi na kazi inasimama hapo. Kaza kwa kuruka, ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne, mara ya kwanza nusu nguvu, mara ya pili nguvu kamili. Kisha angalia stadi za zamani: zisitokeze hata kidogo mbele ya uso wa adapta, isipokuwa rimu yako ina mifuko nyuma ya kuzipokea. Zikitokeza na mifuko haipo, rimu itaegemea stadi, itaonekana imekaa, na haijakaa.

Rimu inafuata kwa utaratibu uleule.

Nguvu kamili ni ngapi? Toyota ndogo zinataka nyutoni-mita 103. Gereji yenye spana ya kupimia nguvu itakufanyia mara moja. Kama huna, kuna njia niliyoifanya miaka mingi na haijaniangusha. Chukua mzani wa kuning'iniza, ule wa wanunuzi wa korosho au wa wachuuzi wa samaki. Funga ndoano yake kwenye mpini wa spana, sentimita 50 kamili kutoka katikati ya nati. Spana iwe imelala, vuta mzani kwa pembe ya mraba hadi usome kilo 21. Hapo umefika. Mpini wa sentimita 30 ungetaka kilo 35. Na uache kusimama juu ya spana kwa miguu. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye mpini wa nusu mita ameweka zaidi ya mara tatu ya kinachotakiwa, na stadi iliyovutwa hivyo haikatiki leo, inakatika ukiwa mbali.

Nane: majaribio

Kabla ya kushusha gari zungusha gurudumu kwa mkono, sikiliza kama linagusa kalipa ya breki. Lishushe, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, ingiza vidole kati ya tairi na shokapu. Vidole viwili vipite. Waite watu wanne wakae ndani, utazame madigadi.

Nenda Mikindani na urudi, kama kilomita 20, mwendo wa pole. Ule mteremko wa kuingia Mikindani ni mzuri kwa kujaribu breki. Ukirudi, acha rimu zipoe, kaza tena zote kwa mzani. Kwa adapta ni lazima uvue rimu ukague nati za ndani pia. Hiyo ndiyo kazi watu wanayoikwepa, na ndizo nati zisizoonekana. Rudia baada ya safari ya kwanza ndefu, mathalani ukifika Lindi, kilomita kama 110, kisha kila unapobadilisha oili.

Dalili za kusimama papo hapo: mlio wa tok-tok unaoongezeka unapokata kona, usukani unaotetemeka ghafla wakati jana ulikuwa shwari, mchirizi mweusi au wa kutu unaotoka chini ya nati, rimu moja yenye joto kuliko wenzake.

Tisa: tairi la akiba

Hili linasahaulika mpaka saa mbili usiku kati ya Nanyamba na Tandahimba. Ukishafunga adapta, tairi lako la akiba la 5x100 haliingii tena kwenye stadi za 114.3. Itabidi uvue adapta kwanza, na ndipo akiba ikae kwenye habu. Maana yake unahitaji spana ya nati za ndani, ambazo mara nyingi ni ndogo kuliko za nje, na nati tano za zamani za akiba, kwa kuwa za spoti zinaweza zisikae kwenye rimu ya chuma. Mimi huwafungia wateja nati hizo tano kwenye kitambaa, pamoja na soketi ya adapta, naviweka ndani ya tundu la rimu ya akiba na kukaza kifuniko juu yake. Kisha namwambia mwenye gari afungue buti anionyeshe mahali vilipo kabla hajaondoka.